Mtoto Asiyetaka Kitabu Kingine

Siku mkwe wangu Marlena alipotangaza kwamba wanawe hawatakanyaga shule, watasomea nyumbani mezani kwake, nilimwambia meza ile ni ya kulia chakula. Alicheka, akanijazia kahawa, akasema, "Basi Baba, watakula na watasoma." Ndivyo alivyo Marlena. Unamrushia jiwe, yeye anakurudishia mkate, halafu anafanya alichokuwa anataka kufanya tangu mwanzo.

Mimi ni Hollis. Nilikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe katika vilima hivi vya Missouri mpaka sauti ilipoanza kukwaruza, na baada ya sauti yakafuata macho. Mke wangu Opal alipofariki, mwanangu Wade, mume wa Marlena, alinihamishia kwake, katika chumba kilichopakana na jikoni. Kwa hiyo shule ya Marlena niliisikia yote, nikitaka nisitake. Niliisikia nikivaa viatu, niliisikia nikinyoa ndevu.

Ilianza kila asubuhi kwa ibada. Jioni iliyotangulia Wade alikuwa amewasomea watoto sura moja ya Biblia, na asubuhi, biskuti zikiwa bado moto na mchuzi mweupe wa soseji ukipita mkono kwa mkono, sura hiyohiyo ilizunguka meza. Kila mtu alisoma mistari yake kwa sauti. Hakuna kukatisha mtu anaposoma Neno, hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Baada ya ibada ndipo zilikuja hesabu, historia, sayansi na mbuzi. Marlena alipenda kusema kwamba imani ndiyo msingi, na mengine yote ni matofali. Mimi nilikuwa nanung'unika kwamba sijawahi kuona tofali likijipanga lenyewe, ila nilinung'unikia ndani ya kikombe.

Watoto walikuwa watatu. Judson, mkubwa, alikuwa kijana wa ndevu za kwanza, anajua kufungua injini ya trekta na kuirudisha bila skrubu hata moja kubaki. Asa, kitinda mimba, alikuwa na miaka sita na anasoma kila kilichoandikwa, mpaka magunia ya chakula cha kuku. Katikati yao alikuwa Tirzah.

Tirzah alikuwa lulu ya nyumba. Alikuwa na miaka kumi, na akifungua Biblia kusoma, hata mbwa alitulia. Hakusoma kama watoto wanavyosoma, kwa kuruka na kukimbia. Alisoma kama mtu aliyekuwapo. Akisoma habari za mfalme Daudi akimlilia mwanawe, nilitafuta leso, na mimi si mtu wa kulialia. Tena hakutaka kitabu kingine chochote. Mama yake alipomletea vitabu vya hadithi kutoka maktaba ya mjini, Tirzah alivirudisha kwa adabu. "Mimi nasoma Neno tu," alisema. Hata akikamua mbuzi alivaa vile vidude vya masikioni, akasikiliza Biblia iliyorekodiwa, midomo ikicheza.

Marlena aliutolea ushuhuda moyo huo kanisani. Aliutaja tena katika kundi la akina mama wanaofundisha nyumbani, wanaokutana Alhamisi katika ukumbi wa chini wa kanisa. Walimsikiliza wakifuta machozi, halafu wakarudi nyumbani kuwatazama watoto wao wanaosoma vibonzo, wakahuzunika. Nasi sote tulimvika yule mtoto kilemba, wala hatukujua kwamba ni cha ukoka.

Mtu mmoja tu hakufuta machozi. Huyo alikuwa Corinne, mdogo wake Marlena, mwalimu wa kusoma katika shule ya serikali. Sikukuu ya Shukrani alikuja na kitabu cha hadithi ya farasi, akampa Tirzah. Tirzah akamrudishia. "Asante, Mama mdogo, lakini mimi nasoma Neno tu."

Corinne akamtazama dada yake juu ya bata mzinga. "Mtoto wa miaka kumi, anafuga mbuzi, anapenda farasi kufa, halafu hataki hadithi ya farasi? Dada, hilo halikutii wasiwasi?"

"Linanitia furaha," Marlena akasema.

"Mimi ningempima."

"Umpime nini? Utakatifu?"

"Nimesema tu."

"Unasema tu kila mwaka, Corinne. Shule yenu imejaa watoto wasiojua kusoma, nenda kapime hao."

Corinne aliondoka kabla pai ya maboga haijakatwa, na tangu siku hiyo dada hao hawakupigiana simu. Mimi nilikula vipande viwili, changu na cha Corinne.

Majira ya baridi yalipoisha, macho yangu yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho kiasi kwamba niliona vivuli na rangi tu. Daktari alinipangia upasuaji kiangazi. Wakati wa kusubiri, Tirzah akawa ananisomea kila mchana, mimi kwenye kiti changu dirishani, yeye kwenye stuli miguuni pangu, ameshika Biblia yangu ya maandishi makubwa ambayo Wade aliniletea. Zilikuwa saa nzuri. Sitadanganya, nilizingoja tangu asubuhi.

Mchana mmoja nilimwomba anisomee jinsi mfalme Daudi alivyomkimbia mwanawe mwenyewe. Sura ile ni ndefu. Alianza, nikafumba macho, nikasikiliza. Mfalme akatoka mjini kwa miguu, makuhani wakarudishwa na sanduku, watu wakapanda mlima wakilia. Sauti ya mtoto ilipanda nao. Na katikati ya kilio kile kitu kikanigonga sikioni. Karatasi haikugeuka.

Mtu aliyezeeka kwenye mnada anasikia vitu. Anajua nani amekohoa kwa sababu ya mafua na nani amekohoa kwa sababu anataka fahali. Biblia ile ni ya herufi kubwa kama kucha, sura kama ile inakula kurasa kadhaa, na karatasi zake ni nyembamba, zina kelele. Tirzah alifika mwisho bila ukurasa kugeuka hata mara moja.

Siku iliyofuata nilichukua gazeti la mnada. "Hebu leo nisomee bei za ng'ombe."

"Babu bwana! Mama anasema tuweke akili kwenye mambo safi."

"Ng'ombe wana ubaya gani?"

"Hawana ubaya, ila... Nikusomee Ruthu?"

"Nisomee Nehemia, pale wanapojenga ukuta, nani alijenga wapi."

"Pale hapana mafundisho sana, Babu. Majina matupu."

Nikacheka, maana alikuwa amejibu kama mzee wa kanisa. Kisha nikaichukua Biblia, nikaifungua mwenyewe kwa kupapasa, nikaweka kidole. "Basi soma hapa."

Akajisogeza kwenye stuli. Kisha akaanza zaburi, taratibu, kwa ile sauti yake ya kutuliza mbwa.

"Tirzah," nikasema, "nimefungua mwisho kabisa wa kitabu, mjukuu wangu. Zaburi ziko katikati."

Nilisikia friji ikinguruma jikoni. Kisha nikausikia uso wake ukigusa goti langu, na suruali yangu ikalowa.

"Herufi zinatembea, Babu," akasema. "Nikiishika moja, nyingine inaondoka. Nikiirudia ile ya kwanza, nayo siyo tena."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nilidhani kwa kila mtu zinatembea, halafu watu wakubwa wanazizoea. Kisha Asa akajua kusoma."

"Na hiyo yote unayosoma?"

"Nasikiliza. Baba akisoma jioni nasikiliza, na bandani nasikiliza tena. Nikisikia mara mbili inakaa." Akavuta makamasi. "Lakini nalipenda Neno kweli, Babu. Hilo silo uongo. Vitabu vingine ndivyo nilidanganya. Nilisema hivyo mara moja tu kwa sababu niliogopa, Mama akafurahi sana, akalia kwa furaha. Ningesemaje tena?"

Nitasema wazi nilivyojisikia, maana sioni faida ya kuficha. Kwanza nilikasirika, na hasira yangu ilimkuta Marlena. Kwa miaka nilikuwa nimebeba mdomoni sentensi moja, "Nilikwambia," na sasa ilikuwa imeiva. Lakini nikamhisi mtoto ameling'ang'ania goti langu, na ile sentensi ikapoteza utamu wote.

"Mama akijua atasema Mungu amemkataa," Tirzah akasema. "Mwezi wa tano ni mkutano mkubwa wa familia zote, Mama ndiye atakayesimama kueleza imani ilivyo msingi wa masomo, na mimi ndiye wa kusoma mbele ya watu. Kila mtu anajua mimi ndiye ushahidi wake. Nikiharibika mimi, shule yetu yote imeharibika. Judson atapelekwa mjini kwa basi la njano la shule, na hatanisamehe. Babu, usiseme. Nakuomba."

"Mficha uchi hazai, Tirzah."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba ukificha ugonjwa huponi. Sitasema. Utasema wewe."

"Siwezi."

"Kesho asubuhi, wakati wa ibada. Mimi nitakuwa nimekaa karibu yako."

"Ukisema wewe itakuwa rahisi."

"Rahisi kwangu. Wewe utabaki na mzigo wako, na juu yake aibu ya kusemewa."

Asubuhi iliyofuata nilikaa karibu na Tirzah, kama nilivyoahidi. Wade alikuwa amevaa buti, ana uzio wa kutengeneza kwa jirani. Judson alisoma mistari yake haraka kama mtu anayelipa ushuru. Zamu ikaja kwa Tirzah. Nilisikia pumzi yake ikiingia, ikitoka, ikiingia. Kisha nikasikia akifunga Biblia.

"Mama, mimi sijui kusoma."

Marlena alicheka kidogo. "Leo umechoka, mpenzi?"

"Sijui kusoma. Huwa nakariri. Sijui hata huu mstari unaanzia wapi."

"Jana umesoma mezani hapa, sote tumekusikia."

"Mimi nilijua," Asa akasema, mdomo umejaa. "Huwa anafungua ukurasa siyo. Juzi alishika orodha ya ramani za nyuma."

Wade akageuka. "Kama ulijua, mbona hukusema?"

"Mlisema tusimkatishe mtu anaposoma Neno."

Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nikohoe. Marlena alinyanyuka, nikasikia kabati la unga likifunguliwa, kisha mfuko ukiwekwa mezani, tup. "Soma hapa, Tirzah. Neno lolote. Ni unga unaoupika kila siku, mama. Soma."

Tirzah alijaribu. Alitoa sauti ya herufi ya kwanza, akasimama, akatoa nyingine, akarudi. Mwishoni akasema, "Najua ni unga kwa sababu ya picha ya kuku."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, ukajifunga. Marlena alikuwa ametoka.

Nilimfuata. Nilishika kamba ya kuanikia nguo mpaka mwisho wake, kisha ua, kisha nikafuata harufu ya mbuzi. Alikuwa ameegemea kihori cha chakula. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Haya, Baba," akasema. "Sema. Umengoja miaka yote hii."

"Sina la kusema."

"Sema tu. Meza ni ya kulia chakula. Nenda kampigie na Corinne, mcheke wote."

"Marlena, mimi ni mzee mkorofi, lakini si mzee mbaya. Nisogezee hilo debe nikae, miguu inaniuma."

Alinisogezea. Mbuzi mmoja alianza kunitafuna mfuko wa koti, nikamwacha.

"Nimemuombea kila ukurasa," akasema. "Kila siku, kabla hajafungua daftari, nimeanza na Mungu. Niliahidiwa kwamba ukianza na Mungu huwezi kukosea. Sasa niambie nimekosea wapi. Sikuwa mvivu. Sikuwa na kiburi."

Nikauvuta mfuko wangu kutoka mdomoni mwa mbuzi.

"Nilikuwa na kiburi," akasema baadaye, kwa sauti nyingine. "Kila mara mtoto alipokataa kitabu nilisikia raha. Nilisema, tazama wengine, na tazama wa kwangu. Dada yangu aliniambia nikamfukuza mezani."

"Hukumfukuza. Aliondoka mwenyewe kabla ya pai."

"Baba, nyamaza."

Nikanyamaza. Kisha nikaona bora niseme, maana kuna siku kunyamaza ni uchoyo. "Nisikilize, mwanangu. Mimi sikuwahi kuiamini shule yako, unajua. Jana nilikuwa tayari kuifunga kwa mikono yangu. Lakini yule mtoto alikuwa na njia ya kuendelea kudanganya. Mimi kipofu, ninyi mnamsifu, nani angemshika? Asubuhi hii amefunga kitabu mbele ya watu wote anaowapenda, akasema sijui. Nimeuza ng'ombe kwa wasomi na kwa wachungaji, na sijaona mtu mzima anayeweza kufanya hivyo. Hakulijifunza kwangu hilo. Amelijifunza pale mezani."

"Lakini hajui kusoma."

"Hajui. Msingi upo, kuta hazipo. Ndiyo kazi iliyobaki."

Alikaa muda mrefu akimkuna mbuzi kati ya pembe. Ndipo alipolia, na nikashukuru. Alipomaliza alijifuta kwa aproni, akaniongoza kurudi ndani kwa kunishika kiwiko. Hakwenda kwa Tirzah kwanza. Alikwenda kwenye simu.

"Corinne," nilimsikia akisema. "Ni mimi. Usikate. Ulisema kweli, na nakuhitaji."

Corinne alikuja Jumamosi. Nilijiandaa kusikia maneno, nikavuta na kiti kabisa, lakini hakusema hata moja. Alimkumbatia dada yake mlangoni kwa muda ambao biskuti zingeungua. Kisha akakaa na Tirzah mezani asubuhi nzima, wakicheza na sauti na kadi na maneno ya uongo ambayo hayapo duniani, mpaka Tirzah akaanza kucheka.

"Huyu mtoto ni hodari," Corinne alituambia baadaye. "Ni hodari mno, ndiyo maana ameweza kuficha. Kichwa chake hakishiki maandishi kama vichwa vyetu. Watoto wa hivi ni wengi, nimewafundisha, na wanasoma. Ila hawasomi kwa kusubiri. Wanahitaji kufundishwa sauti kwa sauti, kila siku, pole pole, mpaka wachoke, halafu tena."

"Shuleni kwako?" Marlena aliuliza, na nilisikia jinsi swali lile lilivyomkwaruza.

"Shuleni inawezekana. Nyumbani pia inawezekana, kama mwalimu anajua anachofanya."

"Mwalimu hajui," Marlena akasema. "Mfundishe."

"Mimi nikufundishe wewe? Utanivumilia?"

"Nitafunga na kuomba."

Walicheka wote wawili, kicheko cha wasichana waliolala kitanda kimoja. Wakakubaliana kwamba Corinne atakuja baada ya kazi, siku mbili kwa juma, na kama miezi ikipita bila nafuu, Tirzah atakwenda shuleni kwa Corinne, wala hakuna atakayeita hilo kushindwa.

Kabla ya somo la kwanza, Marlena alimkalisha binti yake mezani. Corinne alikuwa amemwaga unga wa mahindi kwenye sinia, ili mtoto achore herufi kwa kidole. Marlena alilisogeza sinia pembeni. "Kabla hujaanza nina neno," akasema. "Nilimshukuru Mungu kwa kitu kilichokuwa kinakuumiza. Ulikuwa unaogopa, mimi nikauita woga wako utakatifu, nikautangaza kanisani. Naomba unisamehe."

"Na mimi nilidanganya, Mama."

"Najua. Nimekusamehe. Sasa wewe."

"Nimekusamehe," Tirzah akasema. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mungu naye amekasirika? Maana nilijifanya nasoma, juu ya kitabu chake."

Marlena akavuta pumzi. "Nadhani alikuwa anasikia kila neno ulilolikariri, na anajua unalipenda. Na nadhani alikuwa anangoja tuzinduke. Vuta sinia."

Yaliyofuata hayakuwa mazuri kusikiliza. Nilizoea kusikia zaburi mchana, sasa nikasikia "ba, be, bi" mpaka nikazisikia ndotoni. Tirzah alilia, alirusha kadi, mara moja akamwaga sinia zima sakafuni na kuku wakaingia jikoni. Ibada ya asubuhi ikawa ndefu, maana zamu yake ikifika alisoma maneno machache tu, ya sura ambayo baba yake hakuisoma jioni, na sote tulingoja. Mchuzi ulipoa. Wade alichelewa kazini. Judson, ambaye hana subira hata na mlango, alikaa mikono magotini mpaka amalize.

Mkutano wa mwezi wa tano ukafika. Marlena alimwomba mama mwenyekiti, Nadine, amtoe Tirzah kwenye ratiba. Nadine akasema ratiba imeshachapishwa, na watu wanatoka mbali kumsikia Tirzah. Kwa hiyo tulikwenda, tumejipanga kwenye gari kubwa, sahani ya maharage ya kuoka mapajani mwangu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilisikia watoto wachanga, viti vya chuma, sketi za jinzi zikisuguana. Marlena aliposimama, alisema alilosema bila kuzunguka. "Mwaka jana niliwaambia binti yangu hataki kitabu kingine ila Neno. Niliwadanganya bila kujua. Alikuwa hajui kusoma, na alikuwa anaogopa. Mimi ni mwalimu wake, nilikaa naye meza moja kila siku, na sikuona, kwa sababu nilipenda nilichokuwa naona. Bado naamini imani ndiyo msingi. Lakini imani haikunipa ruhusa ya kutomtazama mtoto. Kama kuna kwako mtoto mnayemsifu sana, mtazame vizuri. Na kama una dada aliyekwambia, mpigie simu."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mumewe, "Sasa haya ndiyo ya kusema mbele za watu?" Nilitaka kugeuka nimjibu, Wade akanishika goti.

Nadine alikuja mbele, amechanganyikiwa, maskini. Akasema kwa upole, "Tirzah, mpenzi, tunajua unazo zaburi nyingi kichwani. Ukitaka kukariri moja, itatubariki."

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Mtoto angeweza kukariri, ukumbi ungelia, aibu yote ya mama yake ingefunikwa, na tungerudi nyumbani na sahani tupu na sifa. Nilimjua mjukuu wangu. Alikuwa na sura ya Daudi nzima mdomoni. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

"Nitasoma," Tirzah akasema. "Nichagulie wewe, nisipopajua."

Nadine akapekua. Akapata kwa nabii Hagai, ambaye hakuna anayemsikiliza hata bandani mwa mbuzi, mstari ule unaowaambia watu wapande mlimani walete miti, wajenge nyumba.

Alianza. Neno la kwanza lilimchukua muda ambao mtu angevaa koti. "Pa... nde... ni. Pandeni." Mtoto fulani akacheka, akanyamazishwa. Tirzah akaendelea. Alifika kwenye miti akasema "mitu", akasimama, akarudi. Marlena alikuwa amekaa pembeni yangu, na mstari ule anaujua. Nilisikia midomo yake ikijifungua kumsaidia, kisha nikasikia ameiziba kwa kiganja. "Miti," Tirzah akasema mwenyewe. Nadine alikuwa amesimama, hajui akae au asimame. Watu mia na zaidi walimngoja mtoto wa miaka kumi, na hakuna aliyejua atafika lini, hata yeye.

Hakuumaliza mstari. Katikati alisimama, nikasikia akishusha pumzi, nikadhani analia. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa yake ya kawaida, ile anayoitumia kuniuliza kama nataka kahawa.

"Nimefika hapa," akawaambia watu wote, akafunga kitabu, akaja kukaa.